Champali ya Mguu wa Kushoto

Katika nyumba yetu ya Kibokoni kila mtu alipewa kitu chake. Dada yangu alipewa subira, mumewe akapewa mikono ya kazi, na mtoto wao wa kwanza, mpwa wangu, akapewa sura. Mimi nilipewa ulimi. Shule niliiacha mapema, ndevu bado hazijaota, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuondoka na kurudi. Nimepaka rangi mashua, nimekuwa utingo wa lori la Malindi, nimeuza vinyago kwa watalii pale Ndia Kuu, nimeendesha tuktuk, nimepika chai ndani ya meli iliyokuwa haiendi popote. Hakuna kazi niliyodumu nayo, ila kila moja ilinifunza kusema na watu. Naweza kusema na askari akaniachia, na mbuzi akanifuata.

Kwa hivyo mpwa wangu alipotaka kuoa, haikuhitajika hata kikao. Msemaji wa posa ni mjomba, basi.

Kwetu posa ya wanaume haina habari mpya ndani yake. Wanawake wanakuwa wameshakwenda na kurudi, wameshakubaliana mengi, pengine hata rangi ya mapazia. Lakini sharti wanaume waende baada ya sala ya alasiri, wakae, wanywe kahawa, waulizane hali za wazima na za maiti, kisha mtu mmoja afungue mdomo na kuyazungusha maneno kama anayezunguka mtaa kutafuta nyumba anayoijua vizuri. Akisema moja kwa moja, ni mshamba. Akizunguka mno, watu watasinzia. Na akiharibu, hakuna atakayemwambia. Watamshukuru, watamwongeza kahawa, na jibu halitatoka mpaka siku ya kiyama.

Msichana mwenyewe alikuwa mwalimu wa chekechea huko Tudor, akiishi na babake na nyanyake kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu. Alimtaka mpwa wangu, na babake, mstaafu wa bandarini, mtu mpole, hakuwa na neno. Taabu ilikuwa kwa nyanya. Kulikuwa na posa nyingine kutoka kwa mfanyabiashara wa Maskati, na ile posa ilikuja na halua. Nyanya aliila halua ile kwa muda mrefu akiwa anafikiri. Mwishowe akasema watu wa Kibokoni waje, waseme, naye atakaa nyuma ya pazia asikilize. Atakalosema yeye ndilo litakalokuwa, na atalisema siku hiyo hiyo, maana mtu wa Maskati amechoka kungoja.

Mpwa wangu alikonda. Alikuwa akipiga pasi kanzu moja hiyo hiyo kila jioni mpaka ikaanza kung'aa mgongoni. Akinikuta kibarazani, hanisalimu, ananiuliza, "Mjomba, umeyapanga?" Namwambia maneno hayapangwi, yanajipanga yenyewe yakiona watu. Hakupenda jibu lile.

Siku ya posa asubuhi dada alinituma Marikiti nikamletee iliki. Pale nikamkuta mtu na ndoo ya sharubati ambayo sikuwahi kuiona. Nikamuuliza ina nini. Akasema ukwaju, ndimu, tangawizi, pilipili, na kitu kimoja cha kijani ambacho hakitaji. Sasa mimi nina ugonjwa huo: kitu kisichotajwa hakinipiti. Nikanywa glasi ya kwanza kutafuta kile kitu, nikanywa ya pili kuhakikisha. Sikukitambua hata leo. Ila chenyewe kilinitambua, na kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshika ukuta wa watu natapika, iliki mkononi.

Dada alishika kichwa. Hakushika changu, alishika chake. Akaenda kuleta mkebe.

Kila nyumba ya mtaa wetu ina mkebe huo, wa biskuti, na haujawahi kuonekana na biskuti. Ndani mna sindano, vifungo, na vidonge vya kila maradhi yaliyopita katika nyumba ile: vya homa ya fulani, vya mgongo wa marehemu, nusu ya karatasi ya kitu ambacho hakuna anayekumbuka kilimtibu nani. Kutupa dawa ni dhambi, tunaona. Dada akachambua akapata vidonge vyeupe vya kuzuia kutapika, vilivyobaki tangu alipokuwa na mimba ya mwisho. Nikameza kimoja.

Lakini kichochoro chetu ni chembamba; dirisha letu na la jirani wa mbele yanaweza kupeana chumvi bila mtu kunyanyuka. Na hakuna anayetapika peke yake mtaani petu. Jirani alikuwa ameshasikia, naye akanyoosha mkono na kidonge chake, cha manjano, alichopewa mumewe hospitali alipougua tumbo. Akaapa ni kizuri kuliko vyote. Kukataa dawa ya jirani ni kama kukataa chakula chake. Utaulizwa mwaka mzima ulimkosea nini. Nikameza na hicho.

Karibu na adhuhuri tumbo likanguruma tena. Dada akanipa cheupe kingine. Jirani akauliza dirishani kama kile cha manjano kilisaidia, nikasema kimesaidia sana, na kwa adabu hiyo nikapata cha pili. Tumbo likatulia tuli, kama mtoto aliyeonyeshwa fimbo. Nikaoga, nikavaa kanzu, nikafukizwa udi mpaka nikapiga chafya.

Baada ya alasiri tukatoka: mimi, shemeji yangu baba wa kijana, na wazee wawili wa mtaa waliokuja kwa ajili ya heshima na sambusa. Shemeji ni mtu wa maneno machache. Salamu akiitikia, kazi yake ya siku imekwisha. Mpwa wangu, kwa kuwa mposaji haendi kwenye posa yake, alibaki kwenye kona ya Ndia Kuu, amesimama kama mtu aliyetumwa kulinda mlingoti.

Tukakaribishwa, tukakaa, kahawa ikamiminwa. Upande wangu wa kushoto palikuwa na mlango wa ndani wenye pazia, na chini ya pazia nikaona ncha za champali mbili za ngozi. Katika mwanya wa pembeni palikuwa na jicho. Nikajua huyo ndiye kadhi wangu.

Hali zikaulizwa. Maiti wakarehemiwa. Nikakohoa ule mkohozo wa kuanzia, nikasema:

"Jamaa, sisi tulikuwa tukipita njia. Tukaona nyumba ina nuru..."

Hapo ulimi ukawa mzito, kama donge la unga lililotiwa maji mengi. Nikameza mate, nikajaribu tena. Taya likavutwa upande wa kushoto, bila mimi kulituma. Shingo ikafuata. Nikajikuta nimelitazama pazia, midomo imetoka mbele imepinda, na macho yameanza kupanda juu yenyewe.

Asiye wa kwetu labda haoni ubaya wake. Kwetu mtu hutukanwa kwa mdomo uliofungwa. Unamgeuzia shingo, unambetulia midomo, unampandishia macho, na matusi yote ya mtaa yanakuwa yamesemwa bila shahidi wa kusema nimesikia. Watu wamenuniana miaka kwa kubetuliana. Na mimi, mbele ya wazee na kahawa, nilikuwa nikimbetulia mdomo nyanya wa mtu tuliyekuja kumposa, kwa ukamilifu ambao sijapata kuuona hata kwenye harusi.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia, taratibu.

"Huyu yuwanibetulia mdomo mimi? Ndani ya nyumba yangu?"

Nilitaka kusema, la, Bi Mkubwa, Mungu apishe mbali. Kilichotoka ni ulimi wenyewe, mzima, mpaka kidevuni.

Pazia likafunguka. Nyanya alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani na mwenye hasira kuliko urefu wake. Baba wa msichana akasimama, wazee wetu wakaweka vikombe chini. Ndipo shemeji yangu akasema sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kusema mbele yangu:

"Jamaa, mtu huyu hatukani, amepatwa na kiharusi."

Kila mtu akanitazama upya. Na mimi mwenyewe, nitasema kweli, hapo ndipo nilipoogopa. Akili yangu ilikuwa safi, nasikia kila kitu, mikono yangu nikiituma inakwenda, lakini uso haukuwa wangu. Nikamkumbuka fundi cherehani wa mtaani kwetu. Uso ulimpinda asubuhi moja akiwa kazini, na kwa kumpenda, watu wakamkanda mafuta mchana kutwa, huyu akija na yake na yule na yake, mpaka walipomfikisha hospitali jua lilikuwa limeshatua. Mkono wake wa kulia haushiki mkasi tena. Hukaa kibarazani akaitazama cherehani ikishonwa na mwingine.

Palepale mabingwa wakaanza. Mzee wetu mmoja alisema ni upepo, nifunikwe shuka. Wa pili akasema habasoda, lakini ya kweli, si hii ya dukani. Nyanya aliwanyamazisha wote wawili. Akasema katika ukoo wao jambo hili linajulikana tangu jadi: uso uliopinda hupigwa kwa kiatu cha mguu wa kushoto, upande uliopindia, na aliyempa dawa hiyo ni mamake mzazi. Akavua champali yake. Mpaka leo sijui alinipiga kwa tiba au kwa kisasi. Nadhani alikuwa na nia zote mbili na hakuona haja ya kuzitenganisha.

Akanizaba shavuni, na taya likaachia.

Naapa liliachia. Shingo ikarudi, midomo ikarudi, nikasema, wazi kabisa, "Ahsante, Bi Mkubwa." Watu wakamtaja Mungu. Nyanya akaitazama ile champali kwa heshima mpya, akainama kuivaa, na kabla mguu haujaingia, uso wangu ukapinda tena, safari hii kulia. Yeye hakusita. Akabadilisha upande, akanizaba pia.

Pigo la pili halikufungua kitu. Baba wa msichana akamshika mamake mkono kwa adabu, akasema champali imefanya yake, sasa ni hospitali, na asizungumze mtu mwingine. Yule mpole ndiye aliyekimbia barabarani na kurudi na tuktuk. Akanipakia, akaniwekea kichwa begani mwake, shemeji akajibana upande wa pili.

Kwenye kona ya Ndia Kuu mpwa wangu aliona msemaji wake akipitishwa amelegea, ulimi nje. Akarukia mbele kando ya dereva, akageuka nyuma. Nilitegemea aulize hali yangu. Akamuuliza baba wa msichana, kwa sauti ya mtu anayezama:

"Mzee, alikuwa amefika wapi?"

"Alikuwa amefika kwenye nuru," baba wa msichana akamjibu.

Hospitali alitupokea daktari, mwanamke kijana kutoka bara, mwenye mwendo wa haraka. Akaniambia niinue mikono yote miwili, nikainua. Nimbane vidole, nikambana mpaka akaomba nimwachilie. Nitabasamu, na alipoliona lile tabasamu akasema basi, inatosha. Akanipima presha, akanitoboa kidole kupima sukari. Akauliza kama uso ulikuwa ukipinda na kurudi, wakamwambia ndiyo, na habari ya champali wakaipita juu juu. Kisha akaniuliza mimi:

"Leo umekunywa dawa gani?"

Shemeji hakujua. Mimi nilijua lakini ulimi ulikuwa na shughuli zake. Nikaonyesha vidole vinne. Daktari akakunja uso. Mpwa wangu akampigia mamake simu, akaiweka sauti juu. Dada akasoma jina lililoandikwa kwenye karatasi ya vile vyeupe, herufi kwa herufi, na jirani, ambaye kwa vyovyote alikuwa dirishani, akasoma la vile vya manjano kwa sauti iliyofika hospitali pengine hata bila simu. Daktari akasikiliza. Akageukia ukutani kidogo, mabega yakamtikisika.

"Hizo ni dawa moja," akasema aliporudi. "Kampuni mbili, majina mawili, rangi mbili. Dawa ni moja. Umekunywa nyingi."

Akatueleza kuwa dawa ile ya kuzuia kutapika, kwa watu wengine, hasa ikizidi, hushika misuli ya uso na shingo na ulimi ikaivuta itakavyo. Anayetazama ataapa ni kiharusi. Wengine huapa ni shetani. Shemeji akanong'ona kama basi tumesumbua watu bure. Daktari akamwambia la, mmefanya sawa kabisa kukimbia. Ingekuwa kiharusi chenyewe, kila dakika ingehesabika, na hakuna mtu wa nyumbani awezaye kutofautisha kwa macho, kwa hivyo asikae kubahatisha. Halafu akanidunga sindano.

Hazikupita dakika nyingi. Shingo ilianza kulegea kama kamba ya ndoo, taya likashuka mahali pake, ulimi ukaingia ndani kama mgeni aliyeona aibu. Neno langu la kwanza lilikuwa swali. Nilitaka kujua kwa nini dawa ya tumbo iende kufanya fujo usoni, na kwa nini ilivuta kushoto kwanza. Daktari akanijibu mawili matatu, kuwa dawa ile hufanya kazi yake ubongoni na si tumboni, nami nikawa na maswali mengine kumi. Akasema sindano aliyonipa huleta usingizi, na kwamba anaitegemea.

Ndipo nyanya akaingia. Alikuja na tuktuk yake mwenyewe, amejifunga buibui vizuri. Akakaa ukingoni mwa kitanda. Daktari akaanza kumweleza habari ya vidonge, naye akamsikiliza kwa heshima yote kama anavyosikilizwa mgeni. Alipomaliza, nyanya akanigeukia mimi.

"Mwanangu, nikuulize, nawe useme mbele ya hawa. Nani aliyekuponya?"

Baba wa msichana akatazama dari, kwa kuwa alimjua mamake. Nyuma ya daktari nilimwona mpwa wangu, viganja vimekutana kifuani, macho yameniganda. Niliisoma halua ya Maskati kwenye uso wake. Nikisema sindano, nyanya atasimama, atashukuru, na posa yetu itangoja kiyama. Nikisema champali, kufika kesho mtaa mzima utajua, na siku uso wa mtu utakapopinda kweli, atapelekwa Ndia Kuu kuzabwa huku saa zikimpita, kama zilivyompita fundi cherehani. Na usingizi ulikuwa unanipanda miguuni.

Nilivuta pumzi. Maneno yakaona watu, yakajipanga.

"Bi Mkubwa," nikasema, "champali yako nimeionja mwenyewe. Ya kwanza ilinifungua, na hilo watu wote waliona. Kwa nini basi nikajifunga tena? Nimefikiri tangu nilipokuwa njiani. Champali ile inataka mwendo. Mtu akipigwa amekaa sebuleni, nguvu yake yapotea bure. Apigwe yumo ndani ya tuktuk, na tuktuk iwe yaenda hospitali. Hapo ndipo inapofanya kazi."

Nyanya akafikiri. Aliifikiri hoja ile kwa muda mrefu kuliko alivyoifikiri halua. Kisha akamgeukia daktari, akamuuliza kama kisomo chake kinakubaliana na hayo.

Daktari akanitazama. Nikamtazama.

"Mama," akasema, "mradi hiyo tuktuk isisimame njiani."

"Basi haya," nyanya akasema, akaweka mikono magotini. "Tuimalize ile ya nuru."

Nikajiinua kwenye mto. Nilikuwa nayo hotuba nzuri, nyumba na nuru, na taa inayotafuta utambi, na mvua inayotafuta shamba. Nakumbuka kuanza, "Bi Mkubwa, sisi tulikuwa tukipita njia..." Kilichofuata nilihadithiwa. Wanasema nililala katikati ya neno, mdomo wazi, safari hii umenyooka. Mpwa wangu alitaka kulia. Na shemeji yangu, mtu ambaye hajawahi kusema mbele ya watu, akatazama viatu vyake akasema kama mshamba wa mwisho:

"Twamtaka binti yenu kwa kijana wetu."

Nyanya akamtazama sana.

"Kumbe maneno ni hayo tu?" akasema. "Mbona yule ametuzungusha mpaka akapinda mdomo." Akamwambia mwanawe apeleke salamu Maskati, na shukrani kwa halua.

Wameshaoana, na wana mtoto mwenye sura ya babake. Dada alitaka kuutupa mkebe wote. Nikamwambia vifungo vina kosa gani. Vidonge tulivirudisha kwenye duka la dawa, na muuzaji alipoona wingi wake alidhani tunafungua duka la pili. Jirani bado ananyoosha mkono dirishani, lakini siku hizi ni chumvi na bizari.

Mwaka jana muuza kahawa wa pale kwetu alikunja uso akiwa anamimina, mkono ukamwangukia, na safari hii hakikuwa kidonge. Sikuwapo, nilikuwa nimekwenda zangu Kilifi. Nyanya ndiye aliyeita tuktuk, akapanda naye, akamfokea dereva kila taa, akimpigapiga mgonjwa begani kwa champali mpaka getini. Walifika mapema. Yule mtu leo yuko pale pale na dele lake la kahawa, anakokota mguu kidogo tu, mkono wake mzima.

Nikikaa kunywa, hunimiminia, hushika bega lake, na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba mama yule ana mkono mzito. Namwambia najua. Mimi alinipiga tuktuk ikiwa bado haijaja.